Kaka Yupo Upande wa Saba

Mlima ulikuwa na pumzi, na pumzi hiyo ilikuwa na ofisi. Kandida Ndomba alilijua hilo kabla hajajua kusoma, na alipojua kusoma akalijua kwa uchungu zaidi, maana sasa aliweza kuliona limeandikwa mlangoni: OFISI YA HEWA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Hodi hairuhusiwi. Ofisi ile ilikuwa juu kileleni, ila ngazi za kuiendea zilikuwa zinateremka. Watu walizoea. Watu huzoea ngazi za namna hiyo upesi kuliko unavyodhani, na ukiwauliza mbona unapanda kwa kushuka, wanakutazama kama wewe ndiye uliyezijenga.

Kazi ya Kandida ilikuwa kupima. Alikaa ndani kabisa ya Mlima, mahali palipoitwa Njiapanda, katika kibanda cha mbao chenye ubao wa mishale tisa. Kila mshale ulikuwa na waya wake, na kila waya ulikwenda mpaka kwenye upande mmoja wa machimbo ya makaa ya mawe. Mshale wa kwanza, Upande wa Kwanza. Mshale wa pili, wa Pili. Na kuendelea hivyo. Upande wa Tatu haukuwepo tena, lakini mshale wake haukung'olewa. Ulikuwa umelala kwenye sifuri kama mtu aliyeamua kutosema na mtu. Kila asubuhi Kandida aliufuta vumbi. Hakuna aliyemwagiza.

Sasa, kwa ambaye hajawahi kuingia ndani ya Mlima, aelewe jambo moja tu na mengine yatamfuata. Makaa yana gesi tumboni. Ilijifungia humo tangu enzi ambazo makaa yenyewe yalikuwa miti na majani, na imengoja muda wote huo bila kuchoka, maana haina pa kwenda. Ukiyakata makaa, inatoka. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, haigusiki. Inapanda juu darini na kukusikiliza. Na njia za kuishi nayo ni mbili. Ya kwanza ni kuukamua Mlima: unatoboa mwamba mapema, kabla hujaukata, unachomeka mabomba kwenye matundu, na pampu iliyoko juu inanyonya ile gesi miezi sita, taratibu, mpaka makaa yalegee kama kiwele cha ng'ombe aliyekwisha kamuliwa. Ya pili ni kupepea: feni kubwa inavuta hewa safi kupitia koo moja la Mlima na kuitoa kupitia koo la pili, na hewa hiyo ikipita inaikokota gesi iliyobaki, inaipunguza makali, inatoka nayo. Kukamua na kupepea. Hakuna njia ya tatu. Ya tatu ni kuomba, na Kandida aliwaona walioomba walivyotolewa, ndani ya maturubai.

Haya yote yalikuwa yanajulikana. Hapo ndipo palipomchosha. Laiti ingekuwa siri, laiti ingekuwa elimu iliyofichwa kwenye sanduku la chuma ng'ambo ya bahari, angevumilia. Angesema hatujui, tutajua. Lakini kila mtu alijua. Mchimbaji alijua, karani alijua, hata mpishi wa kantini ukimkuta anapepea jiko alikuwa anakueleza vizuri tu kwa nini usizibe upande ule. Yaliyojulikana na wote ndiyo hayakufanywa na yeyote. Kwa nini? Kandida alikuwa amelitafuna swali hilo miaka thelathini na mmoja, na kila alipolitema lilikuwa bado zima.

Jibu alilokaribia kulipata lilikuwa kwenye kitabu.

Kitabu cha taarifa kilikuwa na safu mbili. HEWA IPO. HEWA HAIPO. Basi. Mpimaji aweke alama, aandike kiasi, atie sahihi. Neno "gesi" halikuwemo kitabuni, wala halikuruhusiwa kutamkwa popote chini ya ardhi, tangu mwaka ule wa Upande wa Tatu. Ofisi ilitoa waraka kwamba neno hilo linatia watu hofu, na hofu inapunguza makaa. Na kwa kuwa gesi nayo ni aina ya hewa, basi iitwe hewa. Ni mantiki ya namna hiyo inayomfanya mtu mzima apige ukuta ngumi. Hewa inayokupa uhai na hewa inayokuua zikapewa jina moja, safu moja, sahihi moja. Na ili jambo lisiishie kwenye karatasi, kwenye ubao wa simu uliokuwa juu Ofisini walimweka mtu mwenye koleo. Ukitamka lile neno kwenye simu, anakata waya. Hauungwi mpaka uandike barua ya kujieleza, ijibiwe, na jibu lithibitishwe kupokelewa.

Mpimaji wa mwaka ule alikuwa mzee Gaudensi Ndomba, baba yake Kandida. Aliona mshale wa Upande wa Tatu unapanda. Enzi hizo neno lilikuwa bado linaruhusiwa, lakini kitabu kilikuwa kile kile, nafasi ilikuwa ile ile, na mzee alikuwa mtu wa kufuata mistari. Akaandika: Hewa imezidi. Ofisi ikasoma: hewa imezidi. Ofisi ikapunguza feni ya Upande wa Tatu, maana iliyozidi hupunguzwa. Mzee alipoona wamefanya nini, hakupiga simu. Alikimbia kwenda kuwatoa wachimbaji kwa mikono yake. Waliingia arobaini, yeye akawa wa arobaini na moja. Na baada ya hapo lile neno likapigwa marufuku, kana kwamba ndilo lililowaua, wakati lingetamkwa lingewaponya. Kwenye kumbukumbu za Ofisi imeandikwa mpaka leo kwamba walikufa kwa hewa. Kandida aliisoma karatasi hiyo akiwa na miaka ishirini na miwili, akairudia mara saba, akitafuta mahali walipokosea. Hawakukosea popote. Kila neno lilikuwa sahihi.

*

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote, kama kweli ilikuwa siku yenyewe na haikuwa ile ya zamani iliyorudi imevaa koti jipya. Ndani ya Mlima ni vigumu kujua. Watu waliingia getini, kila mmoja akaondoa kibati cha jina lake kwenye ubao wa NJE akakitundika kwenye ubao wa NDANI. Majina hubaki getini. Ndani wanaingia watu watupu. Ilishawahi kutokea mtu akatoka amechoka, akachukua kibati cha mwenzake, akaishi na jina hilo wiki nzima, na mke asijali. Kandida mwenyewe, mwaka wake wa kwanza, alitoka akakuta msumari wake una kibati kilichoandikwa GAUDENSI. Hakuuliza. Alikitia mfukoni, na tangu siku hiyo kuna nyakati mkono wake ukiandika mwandiko unakuwa wa baba, ule wenye herufi zilizoinama kama watu wanaopita kwenye dari fupi.

Saa tatu asubuhi simu ya Upande wa Saba ililia. Alijua ni nani. Ditrami Mapunda, kiongozi wa wakamuaji, ambaye siku hizi alilazimishwa kukaa na wakataji kwa sababu Ofisi iliamua ukamuaji wa miezi sita ufanywe kwa siku arobaini. Ditrami alikuwa mtani wake. Watu wa kwao Ditrami na watu wa kwao Kandida walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakabaki na matusi matupu, wakayafanya undugu.

"Hujafa tu wewe?" Ditrami alisema.

"Nife nikuachie nani? Nyie kwenu hata kuchimba kaburi mnachimba fupi, maiti anakunja magoti."

"Lako nitalichimba refu. Nitaingia kwanza mimi nijilaze, nione kama panakutosha na huo mdomo."

"Leo ndiyo utakufa, Ditrami. Nimeota."

"Juzi pia uliota."

"Nilikosea tarehe."

Alicheka. Nyuma yake mashine ya kukatia makaa ilikuwa inanguruma. Hivi ndivyo walivyoamkiana miaka ishirini: leo utakufa, toka huko, kimbia. Lilikuwa jambo zuri. Kwa mtu anayefanya kazi chini ya jiwe la nusu maili, kutabiriwa kifo kila asubuhi na mtu anayekupenda ni aina ya dawa.

"Sikia," Ditrami akasema, sauti imeshuka kidogo. "Vipimo vyetu vya mkononi havijarudi bado?"

"Viko Ofisini. Vinapakwa rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya kijani. Kuna mgeni anakuja."

"Basi mtani, leo macho yangu ni wewe."

"Ndiyo maana nasema utakufa."

Akakata simu akitabasamu, akageukia ubao, na mshale wa Saba ulikuwa kwenye moja nukta nane.

*

Gesi ikiwa moja katika mia ya hewa, watu wanaanza kusemezana. Mbili, mashine zinazimwa. Tano, Mlima unatafuta cheche. Kutoka tano mpaka kumi na tano cheche yoyote inatosha, jino la mashine likigonga jiwe gumu linatosha. Ikivuka kumi na tano haiwaki tena. Imejaa mno, moto wenyewe unakosa pa kupumulia, na hapo inakunyonga tu, kwa upole. Kandida alikuwa amekaa mbele ya namba hizo muda mrefu kiasi kwamba alishaanza kuziona kwa watu. Mwenye hasira mmoja katika mia, wanamwita mlevi. Wawili, wanaitwa Ofisini wanapewa chai. Wakiwa mia kwa mia hakuna anayethubutu kuwasha kiberiti karibu nao. Na Ofisi, ambayo haikujifunza kitu kuhusu makaa, ilikuwa imejifunza hilo barabara. Iliwaweka watu kwenye nne. Siku zote nne. Ikipanda kidogo, inafungua kadirisha, inatoa sikukuu, inatoa fulana. Wakishuka, inafunga. Kumbe wanajua kupepea, aliwaza. Wanajua kukamua. Ni kwamba tu wanaukamua upande mwingine.

Akapiga simu juu.

"Ofisi ya Hewa." Alikuwa Mkuu mwenyewe, bwana Raimundi. Kama si yeye, alikuwa mwingine aliyerithi sauti yake pamoja na kiti. Kandida aliongea na sauti hiyo miaka yote, na haikuzeeka.

"Shikamoo Mkuu. Njiapanda hapa. Upande wa Saba nina moja nukta nane, inapanda."

"Moja nukta nane ya nini?"

"Ya ile, Mkuu."

"Ile ipi, mama? Mimi nina karatasi mbele yangu. Nieleze kwa lugha ya karatasi. Hewa ipo au haipo?"

"Ipo, lakini..."

"Ipo. Kiasi gani?"

Na hapa, Mungu amsamehe, mdomo wake ukafanya kile ambacho mkono wa baba yake ulifanya. Alikuwa na haraka, alikuwa amekerwa, alitaka mtu aelewe jambo dogo, na neno lililokuwa karibu ndilo lililotoka.

"Imezidi."

"Ah," Mkuu akasema, na kalamu ikasikika. "Hizo ni habari njema. Upande wa Tisa wananisumbua tangu asubuhi, hewa haiwatoshi. Nyie Saba mnayo ya ziada. Tugawane, au siyo? Nafunga mlango wa Saba nusu."

"Mkuu, usifunge. Si hewa hiyo."

"Mama Ndomba, hewa ni hewa."

Na kwa mbali, kupitia mwamba, akasikia kamba ya chuma inavutwa kutoka juu, na mlango mkubwa wa kuingizia upepo Upande wa Saba ukilia kwenye bawaba zake. Uliendeshwa kutoka Ofisini. Chini hapakuwa na mkono wa kuufungua. Pazia la turubai kwenye kibanda chake, ambalo upepo ulilivimbisha siku zote kama tumbo la mjamzito, likalegea. Mshale ukasogea. Mbili. Mbili nukta moja.

Alisimama pale na simu mkononi. Aliwaza kulitamka. Silabi mbili tu. Lakini simu ya Ofisi na simu ya Saba zilipita kwenye ubao mmoja wa mtu mmoja mwenye koleo. Angelitamka, nyuzi zote mbili zingekufa pamoja, na lingemfikia nani? Kutembea mpaka Upande wa Saba ni dakika arobaini kwa mtu wa umri wake. Mshale ulikuwa unapanda nukta moja kila dakika. Kutoka mbili nukta moja mpaka tano ni dakika ishirini na tisa. Hesabu hiyo haikuhitaji shule. Baba yake aliifanya hesabu hiyo hiyo, akakimbia hata hivyo.

Alitazama mkono wake. Ulikuwa umeshaandika kitabuni, kwa herufi zilizoinama: Hewa imezidi. Hakukumbuka kushika kalamu. Akajiuliza, bila woga, kwa uchovu tu, ni nani kati yao aliyekuwa ndani ya kibanda. Labda hakukuwa na Kandida. Labda kulikuwa na mpimaji mmoja tu tangu mwanzo, na kosa moja, na Mkuu mmoja, na mlango mmoja unaofungwa nusu, na dunia nzima ilikuwa inasubiri mtu mmoja akosee kwa namna tofauti.

Basi, akasema kwa sauti, nikosee kwa namna tofauti.

Akaupiga Upande wa Saba.

"Umeniwaza hata saa haijaisha," Ditrami alisema. Mashine nyuma yake inakata, inakata. "Nitamwambia mume wako kaburini."

"Ditrami, toka huko."

"Haya."

"Sitanii. Toka na watu wako."

"Na wewe uje urithi koti langu. Nalijua jicho lako kwenye hili koti."

"Utakufa, Ditrami."

"Saa ngapi? Nina uji kwenye chupa, haujapoa."

Mbili nukta tano. Alihisi kitu kinampanda kifuani, na hakikuwa hofu. Ilikuwa ghadhabu, na ilikuwa juu yake mwenyewe. Miaka ishirini alikuwa ameyatumia maneno yote. Toka, kimbia, utakufa: aliyachezea kila asubuhi mpaka yakawa laini kama sarafu ya zamani, sura imefutika. Ofisi ilimnyang'anya neno moja. Mengine yote aliyamaliza yeye mwenyewe, kwa kucheka. Alipapasa kichwani mwake kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka, akitafuta hata neno moja ambalo hajawahi kumwambia mtu huyu. Tusi hapana. Laana hapana. Yote alishapewa.

Kisha akalipata. Lilikuwa dogo kiasi kwamba aliona aibu.

"Kaka Ditrami," akasema.

Kule kwake mashine iliendelea kukata, lakini tusi halikuja.

"Kaka Ditrami. Nakuomba. Uzime mashine, uwachukue wenzako wote kumi na tisa, mje huku kwangu mkiwa mmeinama. Nakuomba, kaka."

"Umeniitaje?"

"Kaka."

Mtani hamwiti mtani wake kaka. Mtani hamwombi mtani. Yapo mambo mawili tu yanayoweza kumnyamazisha mtani, na la kwanza ni wazimu.

"Kandida," Ditrami alisema taratibu, "matusi yako yako wapi leo?"

"Sina, kaka yangu. Yameisha."

Mashine ikanyamaza. Haikupungua, ilikatwa. Akasikia sauti ya Ditrami ikiwa mbali na simu, ya kawaida kabisa, ya mtu anayewaambia wenzake chakula kiko tayari: "Jamani, wekeni chini kila kitu. Wekeni, msitupe. Chuma kisigonge jiwe. Inameni. Twende." Na simu ikabaki wazi, ikimletea nyayo, kisha nyayo chache, kisha hakuna.

*

Walifika Njiapanda mshale ukiwa kwenye sita nukta moja. Walipita mmoja mmoja mbele ya kibanda, weusi, wameinama, na yeye aliwahesabu kwa kuwagusa mabega, maana hakuyaamini macho yake. Kumi na tisa. Wa ishirini na wa mwisho alikuwa Ditrami, na alikuwa analia bila kujificha.

"Usirudie tena," alimwambia. "Bora nife. Nilivyosikia kaka, nilijiona nimeshalazwa na nyie mnagombania koti."

"Nalitaka kweli."

"Ndiyo, sema hivyo. Sema hivyo."

Mshale ulipanda mpaka tisa, ukakaa hapo mchana kutwa, ukitazamana na mashine iliyozimwa. Haikupatikana cheche. Hakuna kilichotokea. Na hapa, ndugu zangu, ndipo mtu anapotamani kung'oa meno yake mwenyewe, maana jambo lisilotokea halina safu. Watu arobaini wakifa, kuna faili. Watu ishirini wakiponea, kuna swali moja tu, nalo lilikuja kwa simu kabla jasho halijawakauka: kwa nini Upande wa Saba hautoi makaa?

"Hewa ipo," Mkuu alisema. "Wewe mwenyewe umesema imezidi. Sasa ni nini kilichosimamisha kazi? Andika sababu."

Kandida alikifungua kitabu. Alitazama safu mbili. Akachukua kalamu, na safari hii mwandiko ulikuwa wake, ule wa kusimama wima, na akaandika nje ya safu zote mbili: Kaka yupo Upande wa Saba. Tisa katika mia.

Akatia sahihi.

Ofisi haikuuliza siku hiyo. Ofisi huchelewa kusoma. Lakini wachimbaji hawakuchelewa. Kufikia zamu iliyofuata kila mtu ndani ya Mlima alikuwa amesikia namna Kandida alivyomwita mtani wake, na neno lile likashika bila kuitishwa mkutano. "Kaka kaamka huko?" "Kaka yuko moja nukta mbili, tunamtazama." "Tokeni Tano, Kaka kasimama." Lilitamkwa kwenye simu, na mwenye koleo hakuwa na maelekezo juu yake. Wapimaji wakaliandika. Wakamuaji wakaliandika kwa chaki kwenye mabomba. Makaa yalipungua, maana popote Kaka alipotajwa mashine ilizimwa, na wote walijua kwa nini, na hakuna aliyesema neno lililokatazwa.

Ndipo ukashuka waraka. Sijui ni baada ya siku ngapi. Kalenda za kule hazina tarehe, zina picha ya feni tu. Ulibandikwa getini, kwenye ubao wa vibati, na Kandida aliusoma mara saba, kama alivyosoma ile karatasi nyingine.

Ofisi ya Hewa imebaini kuwapo mgodini kwa mtu anayejulikana kwa jina la Kaka, ambaye hana kibati ubaoni, hana zamu, wala kibali cha kuingia. Mtu huyo ameonekana pande nane kwa wakati mmoja na amesababisha kazi kusimama. Inaagizwa kwamba Kaka atolewe mgodini mara moja na kwa njia yoyote itakayofaa. Milango yote ifunguliwe ili asipate pa kujificha. Viongozi wa pande wapewe vifaa watakavyoomba. Kazi ya kukata isiendelee upande wowote mpaka mpimaji athibitishe kwamba ametoka.

Chini, sahihi ya bwana Raimundi na mhuri.

Ditrami alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma juu ya bega lake, midomo inatembea. "Na kwa njia yoyote itakayofaa," alirudia. Alivua kofia yake, akaivaa tena. "Mtani, mimi naomba vifaa. Mabomba ya inchi sita. Pampu ya pili. Vipimo vyangu, na rangi yao."

"Andika."

"Sijui kuandika vizuri, kwetu hatuna shule kama nyie wezi."

"Lete hapa, mjinga wewe."

Walitoboa matundu thelathini na manne Upande wa Saba peke yake. Milango ilifunguliwa yote, na upepo ulivyoingia, turubai la kibanda lilivimba mpaka likang'oka msumari. Mabomba yakaanza kuimba, ile sauti nene ya kunyonya ambayo Mlima haukuwa umeitoa kikamilifu tangu enzi za mzee Gaudensi. Mshale wa Saba ukatikisika kwenye tisa. Ukakaa. Ukashuka kidogo, kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu.

Wiki moja baadaye, kama zilikuwa wiki, simu ya juu ililia.

"Mama Ndomba. Huyo Kaka ametoka?"

"Anatoka, Mkuu. Ni mkubwa. Ametolewa kiasi, amebaki kiasi."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi sita."

Alitegemea kelele. Hazikuja. Ilikuja pumzi ndefu tu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile sauti ilisikika imezeeka.

"Huyu mtu," Mkuu alisema, "ana jina lake kamili?"

"Analo, Mkuu," Kandida alisema. "Nikilitamka simu itakatika."

Alisikia feni ya Ofisini, ndogo, ya mezani, ikigeuka huku na huku. Alisikia kiti.

"Basi usilitamke," Mkuu alisema. "Endeleeni kumtoa."

Akaweka simu chini polepole, na Kandida akabaki ameshika ya kwake. Kwa hiyo alikuwa anajua. Miaka yote, kiti chote, kila alipouliza ya nini, ile ipi, nieleze kwa lugha ya karatasi: alikuwa anajua. Hapakuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa anajua. Alitaka kupiga kelele, ila mbele ya nani? Akachukua kitambaa, akaufuta vumbi mshale wa Upande wa Tatu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka kioo kikalia. Kisha akatoa mfukoni kile kibati cha zamani, akakitundika chini yake kwenye msumari uliokuwa wazi, akakaa, akafungua kitabu, akaandika:

Upande wa Saba. Kaka yupo. Nane nukta sita.